Msimu wa Kupimiwa Mashamba

3 Machi

Leo nimeanza kuandika. Kwenye semina ya Kiomboi mwalimu wa sheria za ardhi alituambia kwamba mjumbe asiyeandika, baada ya miezi miwili atabishana na kumbukumbu yake mwenyewe. Nimenunua daftari la kurasa mia pale Ulemo.

Mimi ni Luciana, mkulima na mshona nguo, mke wa Urbano, mama wa watoto wanne. Tangu Januari ni mjumbe wa Baraza la Ardhi la kijiji chetu. Tuko saba. Sheria inataka wanawake wasipungue watatu, kwa hiyo tuko watatu kamili, hata mmoja hakuzidi.

Kikao cha kwanza niliwakuta wanaume wanne kwenye viti na wanawake wawili kwenye mkeka. Nikavuta kiti. Mzee Miraji, mwenyekiti wetu, akanitazama, akakitazama kiti, akasema, "Haya, tuanze." Kikao cha pili Yasinta naye akavuta chake. Cha tatu mkeka haukutandikwa.

4 Machi

Mvua. Nimeshona sare mbili za shule.

9 Machi

Mtendaji wa kijiji, Joseph, ameitisha mkutano. Mwezi wa sita wapima ardhi wanakuja. Kila shamba litapimwa na mwenye nalo atapewa hati ya hakimiliki ya kimila, jina lake na picha yake juu ya karatasi ya serikali. Majirani wote wa mpaka wawepo na wakubali.

"Shamba lenye ugomvi halipimwi," akasema. "Mwenye mgogoro aulete barazani kabla ya Mei kuisha. Baada ya hapo wapima wakiondoka, sijui watarudi mwaka gani."

Kijiji kizima kimeanza kukumbuka mipaka ya babu.

Wakati wa kula nilimuuliza mume wangu, "Baba Moses, sisi tutaandika jina la nani?"

"Tutaona," akasema, akaongeza mlenda.

15 Machi

Mvua. Alizeti imeanza kuchanua. Ukisimama juu ya mteremko unaona bonde lote la njano.

22 Machi

Leo Hana alikuja nikiwa kwenye cherehani. Hana ni wifi yangu, mjane wa Peniel, mdogo wangu tuliyemzika Agosti. Alikaa kwenye gogo la mlangoni, akakataa chai, akakataa na maji. Mtu akikataa maji ujue amekuja na jambo.

"Wifi," akasema, "kaka Festo ameniletea ujumbe. Nivune alizeti yangu mwaka huu, halafu shamba la Mlimani nimkabidhi. Niende kwetu Ikungi nikapumzike."

"Ukapumzike?"

"Ndilo neno alilotumia. Na kama sitaki kupumzika, anasema yuko binamu yenu kule Sekenke amefiwa na mke. Naweza kukaa kwake."

"Na watoto?"

"Watoto ni wa ukoo. Shamba ni la ukoo. Nyumba ni ya ukoo. Asiye wa ukoo ni mimi tu."

Hakulia. Alilisema lile kama mtu anayesoma tangazo. Ana mabinti watatu. Mkubwa, Ritha, yuko kidato cha pili. Mtoto wa kiume hana. Hakuna aliyeitaja sababu hiyo, lakini iko katikati ya kila sentensi.

Naandika ukweli: nilitamani angempelekea mjumbe mwingine. Festo ni kaka yangu mkubwa. Nilipokuwa na miaka tisa nikaugua nikashindwa kutembea, ni yeye aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati, mwendo wa nusu siku. Nilimwambia Hana, "Ngoja niongee naye kwanza." Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, kwa sababu ilikuwa haki yake kunitazama hivyo.

23 Machi

Nimekwenda kwa Festo. Nilimkuta anafunga nati za plau. Mama yetu, Marietha, anaishi pale kwake; alikuwa kivulini anachambua choroko kwenye ungo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nimeshasikia Hana alikuwa kwako. Kaa."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Nina vijana watatu, Luciana. Wawili wako Sekenke, wanachimba dhahabu kwenye mashimo ya watu, wanarudi na vumbi kifuani. Wataoa wakae wapi? Mabinti wa Peniel wataolewa. Shamba litakwenda kwa waume zao, watu ambao hata hatuwajui. Niambie nimekosea wapi."

"Mlimani walifyeka Peniel na Hana wenyewe, kaka. Lilikuwa pori."

"Walifyeka kwa jina la nani? Si la baba yetu?"

Nikamgeukia Mama. "Mama, wewe unasemaje?"

Hakuinua macho. "Mimi ni mzee. Nakula ninachopewa."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimemkasirikia Mama kuliko Festo. Festo anatetea wanae. Mama anamtetea nani?

30 Machi

Hana amefikisha malalamiko barazani. Alikuja na Ritha, akaongea mwenyewe, Ritha akaandika. Baada ya hapo Mzee Miraji aliniita pembeni.

"Mwanangu, shauri hili huwezi kukalia kiti. Mlalamikiwa ni tumbo moja na wewe, mlalamikaji ni wifi yako."

"Najua, mzee. Lakini naweza kusimama?"

"Kusimama vipi?"

"Kama shahidi. Nilikuwepo kijiji kilipowapa lile pori."

Alifikiri, akachezea barakashia yake. "Kusimama hakuna aliyekukataza."

Kwa hiyo kiti nilichokivuta Januari nimekiacha mwenyewe kwa siku moja. Nilidhani kukiacha kutaniuma. Hakukuniuma.

Niandike na hili nisije nikasahau: baraza letu linasuluhisha, halihukumu. Wasipopatana, shauri linapanda kata, halafu wilaya. Huko ni miezi, pengine miaka. Wapima hawatamngoja Hana. Festo analijua hilo vizuri kuliko sisi wote.

5 Aprili

Mvua kubwa. Mto umefunga njia.

6 Aprili

Mvua.

11 Aprili

Mvua. Nimemuuliza Baba Moses tena kuhusu jina la hati. "Tutaona." Nikamwambia nimelima shamba lile miaka ishirini na moja. Akasema, "Kwani nani amekataa?" Nikasema, "Hakuna aliyekubali." Akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wametulia kabisa.

20 Aprili

Pasaka. Kanisani mke wa Festo aliponiona nakaa akahama benchi. Kwaya iliimba vizuri. Mimi niliimba kwa nguvu kuliko kawaida, Mungu anisamehe.

28 Aprili

Nimeshinda ofisi ya kijiji na Hana tukitafuta muhtasari wa mkutano uliowapa shamba. Mtendaji Joseph ni kijana mwema, Mgogo wa Manyoni. Alitufungulia sanduku lote la kumbukumbu. Miaka ya mbele ipo. Miaka ya nyuma ipo. Mwaka tunaoutaka mchwa wameula wote, wakaacha jalada na pini.

Hana alikaa chini pale pale sakafuni akacheka mpaka machozi. "Hata mchwa ni wa ukoo," akasema.

Karatasi hatuna. Tuna watu.

6 Mei

Mvua imekwisha. Upepo umeanza, ule mkavu wa kwetu unaopasua midomo. Vichwa vya alizeti vimeinama, vimekuwa vyeusi. Mabinti wa Hana wanafukuza ndege kwa kupiga madebe. Baraza limepanga shauri tarehe 20.

13 Mei

Kisimani leo mke wa Festo alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba kesho mume wake anakwenda na mkokoteni wa ng'ombe kuvuna Mlimani, "kuitunza mali ya ukoo mpaka baraza liamue."

Niliacha ndoo pale pale. Hana nilimkuta amekwishasikia.

"Nitakwenda nilale shambani," akasema. "Anipitie juu yangu."

"Hutalala popote. Kesho tunavuna."

"Ekari sita? Mimi na watoto watatu?"

Nilimfuata Yasinta. Yasinta ni mjumbe mwenzangu, ana mdomo mfupi na miguu mirefu. Tukagawana kijiji: yeye upande wa msikitini, mimi upande wa kwaya. Hatukubembeleza. Kila mlango ulikuwa maneno yale yale: "Kesho alfajiri, Mlimani kwa Hana. Njoo na panga na kiroba." Wengine waliuliza waume zao watasemaje. Nikawaambia waume zao watasema watakavyosema, alizeti haiwasikii.

Nimerudi jua linazama. Baba Moses amesikia yote. "Mtagombana na ukoo mzima kwa ajili ya alizeti," akasema.

"Si alizeti."

Akaenda kufunga zizi.

14 Mei

Niandike yote wakati mikono bado inaniuma.

Nilifika Mlimani bado hakujapambazuka vizuri. Hana na mabinti wake walikuwepo. Yasinta alikuwepo na wenzake sita. Nikasema moyoni, tukifika kumi na tano nitashukuru. Jua lilipoanza kutoka niliwaona wanapanda mteremko kwa mstari, khanga na mitandio, viroba mabegani, panga mikononi. Nilihesabu thelathini na nne. Mwingine alikuja na mtoto mgongoni. Mwingine ni bibi wa miaka sabini, akasema mgongo wake hauinami tena lakini alizeti ni ndefu, hakuna haja ya kuinama.

Tulijipanga mistari. Kata kichwa, tupa kwenye kiroba, songa. Kata, tupa, songa. Hakuna aliyehutubia. Upepo ulikuwa mkali, makapi yakatuingia machoni, lakini ekari ya kwanza iliisha kabla chai haijachemka. Mtu akaanzisha wimbo wa kupura, na wale wa msikitini na wale wa kanisani wote waliujua, maana wimbo huo ni wa bibi zetu.

Saa mbili na nusu Festo alifika. Mkokoteni, ng'ombe wanne, vijana wake wawili waliorudi kutoka Sekenke. Alisimama pembeni ya shamba. Nusu ya mashina yalikuwa yamebaki bila vichwa.

"Nani kawapa ruhusa?" akapaza sauti.

Wote walinitazama mimi. Nilifungua mdomo, lakini Hana alikuwa ameshatoka kwenye mstari. Alitembea mpaka mbele yake, panga mkononi limeelekea chini, na mavumbi usoni.

"Mimi," akasema. "Mwenye shamba."

Miaka kumi na sita ameolewa kwetu, sijawahi kumsikia akijiita hivyo. Nafikiri na yeye alikuwa hajawahi kujisikia.

Festo akasema, "Hana, usinivunjie heshima mbele ya watu."

"Sijakuvunjia, shemeji. Shikamoo. Nimekuamkia. Lakini alizeti hii nilipanda mimi, nikapalilia mimi, ndege nimewafukuza mimi na wanangu. Nitaivuna mimi. Tarehe ishirini tuonane barazani."

Kisha yule bibi wa miaka sabini akamwita kutoka katikati ya mashina: "Mwanangu Festo! Kama umekuja kusaidia, mstari ule wa mwisho hauna mtu!"

Shamba zima lilicheka. Hata kijana mmoja wa Festo alicheka, kisha akakumbuka akaziba mdomo. Festo hakucheka. Nilimwona akinitafuta kwa macho, akanipata, akanitazama kwa muda mrefu. Niliona huzuni pale, nilidhani ningeona chuki tu. Halafu akageuza ng'ombe.

Tulimaliza saa saba. Tatizo likawa vichwa: marundo na marundo, na nyumba ya Hana iko mbali. Tulianza kubeba kichwani. Ndipo nikasikia magurudumu, nikadhani Festo amerudi. Alikuwa Baba Moses na mkokoteni wetu. Akarudisha mkokoteni nyuma mpaka kwenye rundo, akavua koti, akaanza kupakia.

Alifanya safari saba. Ya mwisho nilipanda mbele naye. "Ng'ombe walikuwa hawana kazi," akasema.

15 Mei

Nimelala mpaka saa mbili.

17 Mei

Tunapura kwa Hana. Fimbo, turubai, ungo wa kupepetea. Mbegu ni nzito mwaka huu.

20 Mei

Shauri lilikuwa darasani, shule ya msingi, maana ofisi isingetosha. Watu walijaa hadi madirishani. Mzee Miraji na wajumbe watano kwenye viti, changu tupu. Mimi nilikaa na mashahidi.

Festo aliongea vizuri. Alieleza juu ya vijana wake, juu ya baba yetu, juu ya mila. Wanaume wengi waliitikia kwa vichwa. Hana aliongea kidogo: mwaka waliofika, walivyofyeka, mipaka yote minne kwa majina ya miti na mawe. Nami nikasimama. Nikasema nilikuwepo mkutano wa kijiji ulipowapa lile pori, Peniel na mke wake, wote wawili walisimama mbele. Nikasema sheria ya ardhi ya vijiji inampa mwanamke haki ile ile ya mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu.

"Una karatasi ya huo mkutano?" Festo akaniuliza.

"Mchwa wameila."

Watu wakacheka, na hapo nikaona tunaanza kuteleza. Neno langu dhidi ya neno la kaka yangu, na mimi ni dada. Mzee Miraji akauliza kama kuna mwingine aliyekuwepo. Wazee wawili wakatazama miguu yao.

Ndipo tukasikia pikipiki. Iliingia mpaka mlangoni. Juu ya kiti cha nyuma, amekaa upande, khanga imefungwa kiunoni kwa mafundo mawili, alikuwa Mama. Miaka sabini na nane. Dereva wa bodaboda akamteremsha kama anateremsha mayai.

"Mwenyekiti," akasema Mama kabla hata ya kupewa kiti, "sikuitwa. Nimejiita."

Aliongea Kinyiramba, na mtendaji Joseph akawa anageuka huku na huku akitafuta wa kumtafsiria. Naandika nilivyosikia.

"Festo mwanangu anasema anataka mali ya ukoo. Vizuri. Mlimani lilikuwa pori la fisi. Kijiji kiliwapa Peniel na huyu mkewe. Huyu binti alifyeka akiwa na mimba ya Ritha. Mimi ndiye niliyempelekea uji, na siku moja nilikuta nyoka ameuawa na jembe lake. Hilo si la ukoo. La ukoo ni Bondeni, ekari kumi na mbili, alizoacha mume wangu. Nani anazilima? Festo. Peke yake. Miaka kumi na tisa nimenyamaza, kwa sababu nalala kwake na nakula kwake. Lakini kama leo ni siku ya kuhesabu mali ya ukoo, tuihesabu yote. Mimi nilizaa watatu, sikuzaa mmoja. Festo ana fungu lake. Peniel ana fungu lake, wanae wale pale wamekaa. Na Luciana ana fungu lake, maana huyu naye nilimzaa, sikumuokota njiani."

Ekari za Bondeni nimezipita maisha yangu yote, na hata siku moja sikuwahi kuwaza kwamba zinanihusu.

"Mama," Festo akasema, sauti imeshuka, "mambo ya Bondeni hayajaletwa hapa."

"Yameletwa sasa hivi," akasema Mzee Miraji. "Kwa bodaboda."

Wale wazee wawili, baada ya kicheko kupita, wakakumbuka ghafla kwamba nao walikuwepo mkutanoni. Festo aliomba kutoka nje. Alikaa robo saa peke yake karibu na uwanja wa netiboli. Aliporudi alisema hana madai tena Mlimani. Akatia sahihi. Hana akatia sahihi. Bondeni tukakubaliana likamalizwe kwenye kikao cha ukoo, na mwenyekiti wa baraza awepo.

Mama yuko kwangu. Nilipokuwa nampashia maji ya kuoga nilimuuliza kwa nini siku ile ya Machi hakusema.

"Uliniuliza mbele yake, nimekaa kwenye kiti chake, nimeshika ungo wake," akasema. "Mtu hatoi meno kwenye bakuli analolia chakula. Ungeniita njiani. Wewe ni mjumbe, lakini kuuliza bado unajifunza."

Nilikuwa nimemhukumu miezi miwili, na kosa lilikuwa la swali langu.

24 Mei

Kila mtu ana ushauri kuhusu fungu langu. Baba Moses: "Liache, usije ukapoteza kaka." Yasinta: "Lichukue lote." Mke wa mchungaji: nimwombe Mungu kwanza. Nimeomba. Nimetembea pia Bondeni peke yangu kutoka mwanzo hadi mwisho. Udongo mweusi, unashika maji mpaka Juni.

25 Mei

Kikao cha ukoo. Ekari kumi na mbili, mafungu matatu ya nne nne. Fungu la Peniel litaandikwa majina ya mabinti wake watatu. Hana amekubali vijana wa Festo walilime mpaka mabinti wakue, kwa maandishi. Hilo alilitaka mwenyewe. "Sitaki vijana warudi mashimoni kwa ajili yangu," akasema.

Wakanigeukia. Nikasema nachukua ekari mbili za upande wa mtoni. Mbili nawaachia wale vijana moja kwa moja.

Mjomba mmoja akauliza, "Wewe una mume na shamba. Hizi mbili za nini?"

"Za kulima," nikasema.

4 Juni

Wapima wamefika. Wanaume waliokuwa wamekusanyika walimuuliza binti aliyeshuka kwenye gari, "Mpima yuko wapi?" Akasema, "Ni mimi. Naitwa Lucy, natoka Singida Mjini. Nani anaanza?"

Alianza Hana. Alivaa gauni nililomshonea, la bluu. Akazunguka shamba lote na Lucy, kona kwa kona, Lucy akisimamisha kile kifaa chake na kungoja namba. Majirani wote wakakubali mipaka. Mwisho Lucy akafungua fomu juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Jina la mmiliki?"

"Hana Njiku," akasema. Kisha akalirudia taratibu, herufi kwa herufi, ingawa Lucy alikuwa amekwisha kuliandika.

5 Juni

Zamu yetu. Asubuhi Baba Moses hakuwepo. Saa nne Lucy alikuwa amefika shambani, mimi peke yangu nimesimama na majirani. Nilijiambia nitasema mwenyewe, aje asije. Kisha nikamwona anakuja kwa haraka, amenyoa, shati lile la harusi ya Moses.

Lucy akauliza jina.

Alisafisha koo. Kaka zake wawili walikuwa pale, wamefunga mikono. "Fomu hii inachukua majina mangapi?" akauliza.

"Mawili yanaingia, baba."

"Basi yawe mawili." Akanigeukia. "Mama Moses, picha yako iko wapi? Yangu nimetoka kuipiga sasa hivi Ulemo."

Yangu ilikuwa mfukoni tangu Machi.

Kaka yake mmoja akaguna. Baba Moses akamwambia, "Ukiguna, guna kwa sauti, tukujibu." Mtu niliyeolewa naye miaka ishirini na sita, leo ndiyo nimemsikia.

19 Juni

Lucy amemaliza. Mashamba mia moja themanini na nane. Yenye jina la mwanamke, peke yake au pamoja na mume, tisini na saba. Niliposoma nilipiga kigelegele ofisini. Yasinta akasema tusizidishe, bado tisini na moja.

26 Juni

Baridi na upepo. Festo bado haniitikii salamu. Namwamkia kila siku.

1 Julai

Nimelima nusu ekari Bondeni kwa ajili ya vitunguu.

3 Julai

Leo saa tisa alasiri Festo alikuja. Nilimwona kutoka mbali, anatembea kama mtu asiye na hakika na njia anayoijua tangu utotoni. Nilimwamkia. Akaitikia. Akakaa, akavua kofia, akaishika magotini.

"Agnes amepiga simu," akasema.

Agnes ni binti yake wa kwanza, ameolewa Itigi, kule kwenye stesheni ya treni, mwaka wa nane huu.

"Mume ameuza nyumba na shamba. Hakumwambia. Mnunuzi amekuja na kufuli lake. Agnes na watoto wako kwa jirani." Akageuza kofia magotini. "Nikamwambia, rudi nyumbani, mwanangu. Unajua alinijibu nini? 'Baba, kwa nini nirudi? Matofali ya ile nyumba nilifyatua mimi. Shangazi asingerudi.'"

Cherehani ilikuwa bado inazunguka. Niliondoa mguu kwenye pedali.

Kulikuwa na maneno mengi ningeweza kumwambia. Yalikuja yote, yakajipanga. Nikamtazama kaka yangu: amezeeka mwaka huu. Nikayaacha yapite.

"Kwanza," nikasema, "asisaini karatasi yoyote. Pili, asiondoke pale kijijini hata kwa siku moja. Tatu, awatafute majirani waliomwona akifyatua matofali, waandike majina yao. Nyumba wanayoishi mke na mume haiuzwi na mmoja bila mwenzake kukubali. Huyo mnunuzi amenunua kesi."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Kesho tunapanda basi la asubuhi mpaka Singida Mjini, tunaunganisha Itigi. Tutaanzia kwa mtendaji wa kule. Tukishindwa, tunapanda juu."

"Tunakwenda mimi na wewe?"

Kabla sijajibu, Mama akaita kutoka ndani:

"Na mimi! Sijawahi kuona treni."

Festo alitazama mlango, akanitazama mimi, na kicheko kikamtoka bila kujiandaa, kile chake cha zamani cha mabega. Kisha akafuta macho kwa kofia.

Basi linaondoka saa kumi na mbili. Nimechemsha viazi vya njiani, vya watu wanne: Hana amesikia, anasema hatutaondoka bila yeye.